Nzuri, Ila...

Jioni, stendi ya Kange mjini Tanga, basi la Dar es Salaam linashusha abiria. Katikati ya mabegi na bodaboda hakosekani anayerudi kutoka mbali, wala shangazi aliyekuja kumpokea. Maneno yao huenda hivi:

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Habari za safari?"

"Nzuri."

"Za huko utokako?"

"Nzuri."

"Wenzio hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu sana."

"Zimefika, zimefika. Hujachoka?"

"Sijachoka sana. Na nyie hapa?"

"Sisi wazima." Shangazi anashika upande mmoja wa begi, wanaanza kutembea. Hatua kumi hivi. "Ila baba yako mkubwa kalazwa Bombo tangu Ijumaa."

Asiyeyazoea mambo haya atauliza: mbona alisema wazima? Shangazi hakudanganya. Habari ya mgonjwa hapewi mtu ambaye mguu wake mmoja bado uko kwenye ngazi ya basi. Kwanza msafiri ahisi kwamba amefika, asikie sauti anayoijua, ajibu mawili matatu yasiyomtaka kufikiri. Neno "ila" ndilo lililobeba mzigo, na ustadi wote ni kujua liwekwe hatua ya ngapi. Huo ni ufundi kamili, sawa na wa seremala anayejua ubao ukauke kiasi gani kabla ya kupigwa randa. Hauna darasa, mtoto huupata kwa kusukumwa mgongoni mbele ya mgeni: "Mwamkie babu."

Zana zake ni za kale. "Hujambo" ni huna jambo, na jambo hapo ni tatizo, kwa hiyo anayeitika "sijambo" anasema hana linalomsumbua. "Shikamoo" husemwa kuwa ilitokana na kushika mguu wa mkubwa. Mguu huo ulirudi kwa namna nyingine tarehe 3 Machi 2020, pale Rais John Magufuli wa Tanzania na kiongozi wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana Ikulu, Dar es Salaam, wakagusanisha miguu badala ya kupeana mikono kwa sababu ya korona. Mkono ulipozuiwa, watu walitafuta kiungo kingine. Kuacha kabisa kusalimiana hakukuwamo.

Tofauti za kusalimiana huanza karibu kuliko watu wanavyodhani. Kijana wa Nairobi anayeshuka hadi Mombasa, akavuka mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro kuja Tanga, hajatoka katika Kiswahili hata kidogo. Hata hivyo "sasa?" na "poa" alizotoka nazo zinaanza kupungukiwa nguvu njiani. Akisema dukani "nipe maji", muuzaji wa Tanga atampa, lakini atakuwa ameshamwona kuwa mtu wa mbali, kwa kuwa hapa husemwa "naomba maji", tena baada ya "za saa hizi?". Kijana hana utovu wa adabu. Kwao adabu iko kwenye sauti na tabasamu, na salamu ndefu ni kumchelewesha mwenzako.

Uingereza mtihani ni mwingine. Mswahili akiulizwa "How are you?" husimama, maana kwao swali hujibiwa mtu amesimama. Anapofungua kinywa, muulizaji keshapita. Na akimwambia "sorry" mwenzake aliyejikwaa, akidhani ndiyo pole yake, huambiwa si kosa lako. Kwa jambo hili Ufaransa iko jirani zaidi na pwani yetu: mteja asiyetanguliza "bonjour" kwa mwuza mikate anahesabiwa hana malezi.

Lakini ndugu wa karibu kabisa wa mazungumzo ya Kange wako Oman. Wilfred Thesiger, Mwingereza aliyevuka jangwa la Rub' al Khali kati ya 1946 na 1948 pamoja na Mabedui wa kusini mwa Uarabuni, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1959 jinsi kila wanapokutana watu jangwani swali la kwanza huwa habari, na jibu la kawaida huwa ni njema. Mengine hufuata baadaye. Neno lenyewe "habari" ni la Kiarabu. Waomani waliotoka Zanzibar wakahamia Muscat, wengi wao baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, walikwenda na Kiswahili chao, na wanapoulizana "habari za nyumbani?" hawalazimiki kuwafafanulia majirani mantiki yake.

Aliyekaa ughaibuni miaka mingi hajui kwamba mkono wake umepoteza kipimo mpaka arudi. Maneno yote anayo. Kilichomtoka ni mwendo: anaitika haraka mno, anauliza swali moja akaingia kwenye shida yake, anapita barazani huku akipunga mkono. Hakuna atakayemkemea. Watamrekebisha kwa kumpa nafasi nyingine, na hapo ndipo ufundi huu unapopendeza kuliko popote.

Asubuhi ya pili anakwenda dukani kwenye kona, duka lilelile la utotoni, mzee yuleyule nyuma ya kaunta.

"Naomba mkate."

Mzee haugusi mkate. Anapangusa kaunta taratibu, anainua macho. "Umeamkaje, baba?"

Kimya kidogo. "Nimeamka salama. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Za huko ulikokuwa?"

"Nzuri. Za hapa?"

"Tunashukuru. Mama hajambo?"

"Hajambo, yuko nyumbani."

"Msalimie." Sasa mkono unakwenda kwenye rafu. "Mikate mingapi?"