Kumrithi Mfalme: Uhakiki wa Black Panther ya Coates na Stelfreeze kwa Kuitazama kutoka Unyanyembe

T'Challa, mfalme wa Wakanda, alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966 katika toleo la 52 la Fantastic Four, na tangu hapo amepita katika mikono mingi. Don McGregor alimrudisha nyumbani Wakanda mwaka 1973. Kuanzia mwaka 1998 Christopher Priest alisimulia habari zake kwa kinywa cha mtumishi wa serikali ya Marekani, mbinu iliyomfanya mfalme aonekane wa mbali na asiyetabirika. Mwaka 2016 kampuni ya Marvel iliikabidhi kazi hiyo kwa Ta-Nehisi Coates, mwandishi wa insha ambaye hakuwa amepata kuandika hadithi za picha, pamoja na mchoraji Brian Stelfreeze. Sehemu hii inahakiki matoleo yao 12 ya kwanza, yaliyokusanywa kwa jina la A Nation Under Our Feet.

Kurithiwa kwa wahusika si jambo geni kwa msomaji wa Kiswahili. Baada ya Philip Ndunguru kufariki mwaka 1986, wahusika wa jarida la Sani waliendelea kuchorwa na wengine, na wasomaji wakaendelea kulinunua. Sungura na Abunuwasi, kwa upande wao, hawajapata kuwa na mwenyewe. Tofauti ni kwamba T'Challa ni mali ya kampuni, na mrithi wa kazi hupewa shujaa kwa sharti lisiloandikwa: amrudishe akiwa bado anaweza kuuzika.

Sharti hilo ndilo ufunguo wa kuisoma kazi ya Coates. Watangulizi wake wengi waliuliza ni nani awezaye kumpindua mfalme. Yeye anauliza kwa nini mfalme atawale. Toleo la kwanza linaanzia mgodini, ambako wachimbaji wa madini ya vibranium wanamgeukia mtawala wao. Stelfreeze anachora macho yao yakiwaka rangi ya kijani, dalili kwamba Zenzi, mwanamke mwenye uwezo wa kuamsha hisia zilizofichika, ameifikia mioyo yao. Hapa pana utata wenye tija: Zenzi hapandikizi hasira, bali huifunua iliyokuwapo. Aneka, mlinzi wa kike wa mfalme, anahukumiwa kifo kwa kumuua chifu aliyewadhulumu wanawake; mpenzi wake Ayo anamtorosha, na wawili hao wanaanza kuwakomboa wanavijiji ambao kiti cha enzi kimewasahau. Mwalimu Changamire anaupinga ufalme lakini anaukataa umwagaji damu, na kwa hiyo hamfai mfalme wala mwanafunzi wake wa zamani, Tetu, kiongozi wa uasi. Mfalme mwenyewe anakutana kwa siri na wataalamu wa kuzima maasi kutoka nchi nyingine, na siri hiyo inapovuja anapoteza hata waliokuwa wakimtetea. Kwa uzito wa mawazo, hakuna timu iliyotangulia iliyoifikia hii.

Udhaifu uko katika viputo vya maneno. Wahusika wa Coates huhutubiana, na mara kadhaa michoro ya Stelfreeze, ambayo ina mistari safi na mwendo mwepesi, hulazimika kusubiri hotuba iishe. Kubadilishana zamu na mchoraji Chris Sprouse kunaongeza mtikisiko kidogo, ingawa rangi za Laura Martin zinaiunganisha kazi.

Tatizo kubwa zaidi ni la kiuchumi. Wakanda ni tajiri kwa sababu imejifunga. Msomaji aliyeko Kitete, katika Manispaa ya Tabora, anaishi juu ya historia iliyo kinyume na dhana hiyo. Unyanyembe ulitajirika kwa kuwa njia: pembe za ndovu, chumvi ya Uvinza na nguo kutoka pwani vilipita hapo mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi. Uhalali wa mtemi ulipimwa pia kwa namna alivyoitawala biashara hiyo. Mnywa Sele alipozitoza kodi bidhaa za wafanyabiashara Waarabu, aliondolewa madarakani mnamo mwaka 1860, kiti akapewa Mkasiwa, na Mnywa Sele akapigana vita vya msituni hadi alipouawa mwaka 1865. Swali la nani atawale halikutenganishwa na swali la nani anabeba mzigo na nani anakula faida. Coates analigusa swali hili la pili mgodini, kisha analiacha. Wachimbaji hawapewi majina, wala ujira wao hautajwi; mjadala unahamia kwa walimu, walinzi na watu wa ikulu.

Ndiyo maana hitimisho la matoleo hayo linaridhisha nusu tu. T'Challa anakubali mamlaka yake yawekewe mipaka na katiba, lakini anabaki kuwa mfalme. Tanganyika ilikwenda mbali zaidi: sheria ya mwaka 1963 ilifuta mamlaka ya kiutawala ya machifu, wakati Abdallah Fundikira, aliyekuwa mtemi wa Unyanyembe, alikuwa ameshashika wizara ya sheria katika baraza la kwanza la mawaziri baada ya uhuru. Coates hakuwa na uhuru wa kuandika mwisho wa namna hiyo. Hadithi inayoitwa kwa jina la shujaa haiwezi kumstaafisha shujaa, kwa kuwa timu itakayofuata inamngojea.

Mwaka 2018 Coates aliianza hadithi upya akiwa na mchoraji Daniel Acuña. T'Challa anaonekana mgodini, akichimba vibranium kama mtumwa, katika himaya ya Wakanda iliyoenea kwenye nyota za mbali. Safari hii mfalme ndiye mchimbaji, ila amefutiwa kumbukumbu, na hajui kwamba aliwahi kuwa na jina.