Goti Si Bawaba ya Mlango

Fungua vitabu vingi vya baiolojia vya sekondari: goti limefananishwa na bawaba ya mlango. Linakunja, linanyoosha, basi. Mfano huo unakupa maksi kwenye mtihani, ila unaficha nusu ya habari.

Jaribu mwenyewe. Kaa kwenye kiti, kunja goti, kisigino kiwe chini. Geuza vidole vya mguu ndani na nje bila kusogeza paja. Umeona? Mfupa wa muundi unazunguka. Sasa nyoosha mguu kabisa, urudie. Safari hii paja zima linageuka: kazi imehamia nyonga, maana goti likinyooka kabisa hujifunga.

Kuna ubaya gani basi? Mchezaji akiruka na kutua, goti likaingia ndani huku linajipinda, ligamenti yake ya msalaba ya mbele inaweza kukatika bila kuguswa na mtu. Misuli ya nyonga na makalio husaidia kuzuia hilo. Kocha aliyekaririshwa bawaba atafunga goti bendeji na kuisahau nyonga.

Waandishi, ongezeni mishale miwili tu: mmoja wa kuzunguka, mwingine unaopanda hadi nyonga.