Umefunga dirisha, hujafunga sanduku

Nilikuwa Jibondo, kile kisiwa kidogo cha mawe kusini mwa kisiwa kikuu cha Mafia, nikikusanya takwimu za pweza kwa ajili ya tasnifu yangu. Laptopu ilikuwa moja, tunaitumia watu watatu, tunaichaji kwa sola mchana. Jioni moja nilimaliza kazi, nikabonyeza ile X kwenye programu ninayotunzia nywila zangu, dirisha likapotea. Nikampa mashine kijana anayeingiza uzito wa pweza wa siku hiyo. Hazikupita dakika kumi akanifuata uani. "Dada, njoo uone. Nimefungua tu ule ukurasa, kompyuta imejiingiza yenyewe kwa jina lako."

Ndani ya akaunti ile mlikuwa na mahojiano yangu yote: nani anatega jarife wapi, nani amewahi kunyang'anywa nyavu, nani anamlalamikia nani. Jibondo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, na uhusiano wa wavuvi na hifadhi haujawa mwepesi wakati wote. Wazee walinieleza mambo yale kwa sharti moja, kwamba majina yao yabaki kwangu. Kijana ni mwaminifu. Aliacha kila kitu kama kilivyo, akaja kuniita. Lakini usiku ule siri ya wazee wale ililindwa na malezi ya kijana, si na programu niliyoiamini.

Programu yenyewe siitaji jina, maana nilichokiona si kosa la kampuni moja. Ni mtindo wa usanifu uliozoeleka, na mtindo huo ndio ninaotaka kuukosoa hapa.

Kwanza tuitendee haki

Programu ya kutunza nywila ni kama sanduku. Unakumbuka nywila kuu moja, na hiyo ndiyo inayozalisha ufunguo wa kufungulia nyingine zote, ambazo zimehifadhiwa kwa kusimbwa. Faida yake ni kubwa. Kila akaunti inapata nywila yake ndefu, kwa hiyo tovuti moja ikiibiwa, akaunti zako nyingine haziendi na maji. Mtu anayetumia nywila ileile kwa barua pepe, mfumo wa chuo na benki hana cha kutucheka sisi wenye sanduku.

Sasa, ili programu ikujazie nywila pale unapoihitaji, lazima kuwe na kitu kilicho macho muda wote. Hicho ndicho tunachokiita mchakato wa chinichini: programu inaendelea kufanya kazi ingawa huoni dirisha lolote. Kivinjari kikifika kwenye ukurasa wa kuingia, kiongezo chake kinauliza, "Una nywila ya hapa?" Katika KeePassXC, kwa mfano, kuna kiprogramu kiitwacho keepassxc-proxy ambacho kazi yake ni kubeba maswali na majibu kati ya kivinjari na sanduku. Mchakato huohuo wa programu ndio unaofuta nywila uliyoinakili baada ya sekunde chache, usije ukaibandika kwenye kundi la WhatsApp. Ndio pia unaohesabu dakika ulizokaa bila kugusa kompyuta ili ufunge sanduku. Kwa hiyo wanaoshauri "ua kila kinachokaa chinichini, kinakula chaji" wanakosea. Ukiuua kiholela, na mlinzi umemuua.

Hali tatu, alama moja

Tatizo langu liko kwingine. Kuna hali tatu ambazo mtumiaji anapaswa kuzitofautisha. Ya kwanza, dirisha limeondoka machoni lakini sanduku liko wazi. Ya pili, sanduku limefungwa, na nywila kuu itahitajika tena, ingawa programu bado inaendelea. Ya tatu, programu imezimwa kabisa.

Nilipomsimulia nahodha mmoja mzee yaliyonipata, hakuhitaji somo la kompyuta. Alisema, "Mwanangu, kushusha tanga si kutia nanga. Na kutia nanga si kupandisha chombo pwani." Jibondo ni kisiwa cha mafundi wa majahazi na mashua, na hakuna mtoto pale anayechanganya mambo hayo matatu. Wasanifu wa programu ndio wanaotuchanganya, kwa kutupa alama moja ya X na kuipa maana wanayotaka wao.

Katika programu moja X inazima kila kitu. Katika nyingine inaficha dirisha tu na kuacha ikoni ndogo karibu na saa. KeePassXC, Bitwarden na 1Password zote zina mpangilio wa kuamua kama programu ibaki pale kwenye kona, na kila moja ina mpangilio wake mwingine wa lini sanduku lijifunge. Maamuzi hayo mawili yametenganishwa, na hapo ndipo mtu anapoteleza. Unaweza kufunga dirisha saa kumi na mbili, sanduku likajifunga saa kumi na mbili na robo. Ile robo saa katikati ni ya nani? Kwangu mimi ilikuwa ya kijana wa pweza.

Watetezi watasema ni kwa ajili ya wepesi, nani anataka kuandika nywila kuu mara ishirini kwa siku? Hoja hiyo naielewa, lakini haijibu swali. Programu inaweza kubaki macho na sanduku likiwa limefungwa. Kubonyeza X ni ishara ya wazi kwamba mtu amemaliza. Kuifasiri ishara hiyo kama "endelea kumfungulia yeyote atakayekaa hapa" ni kumdhania mtumiaji kitu ambacho hakukisema.

Hata kufuli lina mipaka

Tuseme sanduku limejifunga. Je, ni sawa na kuzima? Hapana. Mwezi Februari 2019 kampuni ya utafiti ya Independent Security Evaluators ya Marekani ilitoa matokeo ya kuchunguza 1Password, Dashlane, KeePass na LastPass kwenye Windows 10. Programu zikiwa zimezimwa, siri zilikuwa zimehifadhiwa vizuri. Zikiwa zimefungwa kwa kufuli lakini bado zinaendelea, watafiti waliweza kukuta mabaki ya siri kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, yaani RAM, na kwa baadhi yao hata nywila kuu. Mwaka 2023 udhaifu wa jamii hiyo ulitangazwa kwenye KeePass: herufi za nywila kuu, isipokuwa ya kwanza, ziliweza kuokotwa kutoka kwenye RAM. Toleo la 2.54 lilirekebisha.

Sababu ni ya kawaida kabisa. Ili programu itumie siri, lazima siri hiyo ikae RAM ikiwa imefunguliwa, hata kwa muda mfupi. Kufunga sanduku maana yake ni programu kufuta nyayo zake yenyewe, na nyayo nyingine husahaulika. Kuzima programu ni tofauti: mfumo wa kompyuta wenyewe unaichukua ile nafasi na kuisafisha kabla ya kumpa mwingine.

Tusitishane, lakini. Kusoma RAM ya mtu kunataka ujuzi na uwezo wa kuingia kwenye mashine yenyewe. Kijana wa pweza hakuhitaji lolote kati ya hayo, na ndiyo maana lile kosa dogo la X linanisumbua kuliko udhaifu wa kitaalamu.

Sanduku liliundwa kwa ajili ya nani?

Ukizitazama programu hizi kwa makini, unaona zimemwazia mtu mmoja mwenye kompyuta yake peke yake. Ofisi ya kijiji, kikundi cha wavuvi, maabara ya chuo, duka la stesheni, wote hawa hawamo. Kwetu kompyuta ni kama mtungi wa maji ya mvua, kila mwenye kiu anachota. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimuulizi anayekusanya taarifa kama mashine ilikuwa ya watu watatu. Jukumu la kuzilinda ni lake.

Basi hadi wasanifu watakapotukumbuka, fanya hivi:

Tazama kona ya saa. Kwenye Windows bonyeza kile kishale kidogo, utaona ikoni zilizofichwa. Bonyeza ya programu yako kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Lock kama unarudi punde, Quit au Exit kama umemaliza.

Hakikisha. Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufungua Task Manager. Usishtuke ukikuta jina la programu limejirudia mara nne au tano. Programu kama Bitwarden na 1Password hujigawa kwenye michakato kadhaa kama kivinjari kinavyofanya. Kuua kwa nguvu kutoka hapo kuwe njia ya mwisho, maana ulichokuwa hujahifadhi kinaweza kupotea.

Usisahau kiongezo cha kivinjari. Cha Bitwarden kina sanduku lake, hakitegemei programu ya kwenye kompyuta. Umezima moja, nyingine inaweza kuwa wazi. Chrome nayo ina mpangilio wa kuendelea chinichini hata baada ya kufungwa, uangalie.

Gawaneni akaunti za Windows. Kubadilisha mtumiaji huacha michakato yako hai. Kutoka kabisa, yaani Sign out, ndiko kunakoizima. Na kufunika laptopu ili kuokoa chaji ni kuilaza tu, yote yaliyomo RAM yanabaki.

Mwisho, punguza muda wa sanduku kujifunga. Kwenye mashine ya pamoja mimi nimeweka dakika moja. Inakera, nakubali.

Sijaacha programu hizi, na siwashauri muache. Daftari la nywila chini ya godoro halina hata kufuli bovu. Ninachodai ni kidogo: X ifunge sanduku, na anayetaka liachwe wazi akaliombe mwenyewe kwenye mipangilio.

Kesho yake nilibadilisha nywila ya ile akaunti, kisha nikawapitia wazee mmoja mmoja kuwaeleza. Wawili waliomba majina yao yafutwe, nikayafuta mbele yao. Mmoja alicheka, akaniambia nirudi bamvua likianza.