Kijeba na Haki ya Mtoto Uwanjani

Neno "kijeba" lina maana ya mtu aliyekwisha pea kwa umri lakini akadumaa kwa umbo, hata akadhaniwa kuwa mtoto. Katika michezo ya vijana neno hili limekuwa jina la mchezaji aliyepunguziwa miaka ili acheze na wadogo zake. Ndugu yake ni "mamluki", yaani yule anayeichezea shule asiyosoma. Lugha haizui neno pasipo haja. Ikiwa maneno haya yamezoeleka katika mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, hapana budi tujiulize twawafundisha nini watoto wetu kwa jina la michezo.

Tuanze na chandimu. Apitaye jioni katika vichochoro vya Kariakoo au Gerezani huwaona watoto wakicheza bila mwamuzi wala daftari. Kabla ya kuanza hugawana wenyewe: mkubwa mmoja huku, mkubwa mmoja kule. Wajua kwamba wakubwa wote wakikaa upande mmoja, mchezo umekufa. Kwao haki si pambo la mchezo, bali ndiyo inayoufanya uwe mchezo. Mambo huharibika tunapoingia sisi watu wazima na vikombe vyetu, na sifa zetu zikaanza kutegemea miguu ya watoto.

Historia yetu wenyewe yatosha kuwa ushahidi. Mwaka 2005 timu yetu ya Taifa ya vijana wa chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilikwisha kupata nafasi ya kwenda Gambia katika fainali za Afrika. Ikaondolewa kwa kumchezesha mchezaji aliyezidi umri, na Zimbabwe ikachukua nafasi yake. Miaka 11 baadaye zamu iligeuka. Septemba 2016, hapa Dar es Salaam, vijana wetu waliifunga Kongo-Brazzaville mabao 3 kwa 2. Oktoba walifungwa 1 kwa 0 ugenini, wakatolewa kwa kanuni ya bao la ugenini. Shirikisho letu la mpira, lililokuwa na ofisi zake Karume, Ilala, likakata rufani juu ya umri wa mchezaji mmoja. Shirikisho la Afrika likaagiza apimwe. Kongo haikumfikisha kwenye kipimo. Mwaka 2017 ikaondolewa, nasi tukaenda Gabon.

Tulishangilia rufani ile, na ilikuwa halali yetu kushangilia. Lakini ni wangapi kati yetu walioikumbuka 2005? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Aidha, mara zote mbili walikuwapo vijana wasio na hatia, ambao umri wao ulikuwa halali, nao wakakosa safari kwa kosa lisilo lao. Hatusemi adhabu ya timu ifutwe, maana ikifutwa watadhulumiwa watoto wa upande wa pili. Twasema kwamba haki haijatimia ikiwa mtoto amefungiwa, na mtu mzima aliyeandika tarehe ya uongo yungali kazini akisaka mwingine.

Wala tusidhani kuwa huu ni ugonjwa wa nchi moja, au wa maskini peke yao. Mwaka 2019, fainali hizo zilipochezwa Dar es Salaam, Guinea ilifika fainali, kisha ikaondolewa kwa kuwa tarehe za kuzaliwa za wachezaji wake wawili zilitofautiana na zile zilizotumika Japani mwaka 2017. Senegal ikapewa nafasi yake ya Kombe la Dunia. Huko Marekani, mwaka 2001, timu ya besiboli ya watoto wa Bronx ilifutiwa ushindi ilipogundulika kuwa mrushaji wake alikuwa na miaka 14, wakati kikomo kilikuwa 12.

Yupo atakayesema kwamba mashine zitatuponya. Ni kweli kwamba tangu 2009 mashindano ya dunia ya vijana hao hutumia kipimo cha picha ya kifundo cha mkono. Lakini mfupa hukisia umri, hautaji tarehe. Na mashine hiyo haiendi kwenye kiwanja cha shule. Kule kipimo ni kalamu ya mwalimu anayejaza fomu. Sisi tuliozeeka katika utumishi wa ofisi twajua kuwa muhuri hausemi uongo peke yake; husema kile ulichoamriwa na mkono.

Katika kutoa vikombe, wageni wa heshima hupenda kuwaambia walioshindwa: asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii yafaa kwanza kwa mshindi. Mwalimu aletaye kijeba ndiye aliyekataa kushindwa hata kabla ya filimbi kulia. Tena humdhulumu kijeba mwenyewe, kwani humfundisha kijana kuikana siku aliyozaliwa. Kijana aliyezoea kusimama mstarini na kuitikia miaka isiyo yake atakuja kuwa karani wa namna gani, au hakimu wa namna gani?

Basi, walimu, tusiipime shule kwa vikombe vilivyopangwa kabatini. Nanyi wanafunzi, mkimwona mamluki katika timu yenu, semeni mapema, kabla mwenzenu mwenye haki hajaachwa nje ya mstari. Mlipokuwa wadogo mlijua kugawana wakubwa. Ujuzi huo msiuache chandimu.