Kila Jibu na Mwenyewe

Mtayarishaji hodari wa dodoso haanzi na orodha ya majibu. Huanza na swali wazi na daftari tupu. "Maji ya kunywa mnayapata wapi?" huwauliza watu wa Nyamongo, Sirari na Mugumu, mkoani Mara, Tanzania, kisha huandika kama alivyosikia: bombani kwa jirani, kisimani, lamboni, Mto Mara.

Akirudi mezani, hupanga. Kisima hukigawa mara mbili, kilichofunikwa na kilicho wazi, kwa kuwa usalama wa maji yake haulingani. Tena kaya moja hukinga maji ya mvua masika na kwenda mtoni kiangazi. Basi kila msimu huupa swali lake.

Halafu hukagua mipaka. Akikuta umri umeandikwa 20–30 na 30–40, hurekebisha kuwa 20–29 na 30–39, ili mwenye miaka 30 awe na sehemu moja tu. Neno "mara nyingi" hulifuta, maana kila mtu ana kipimo chake. Badala yake huuliza ni siku ngapi katika siku 7 zilizopita.

Uhodari wake huonekana zaidi kwenye swali la uhusiano na mkuu wa kaya. Miongoni mwa Wakurya ipo nyumba ntobhu: mwanamke, mara nyingi asiye na mtoto wa kiume, hutoa mahari ya ng'ombe na kumwoa mwanamke mwingine, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Orodha ya kawaida ikifika hapo, mdadisi mmoja ataandika "mke", mwingine "mkwe", wa tatu "si ndugu". Mtayarishaji huongeza jibu linalojitegemea: mke wa nyumba ntobhu. Anajua kuwa makundi mawili yaweza kuunganishwa baada ya utafiti, lakini lililochanganywa tangu mwanzo halitenganishiki.

Mwishoni huweka "nyingine, taja", "sijui" na "amekataa kujibu", kila moja na msimbo wake. Asiyejua na asiyetaka kusema si mtu mmoja.

Kisha hulipeleka dodoso kwenye majaribio. Hukaa kimya kando ya mdadisi na kusikiliza panapoombwa swali lirudiwe, na panapojibiwa kwa kusitasita. "Nyingine" zikiwa nyingi, husoma kilichotajwa, huongeza majibu yanayojirudia, na kujaribu upya. Hafanyi haraka. Tangu Sensa ya 23 Agosti 2022, ambapo makarani walitumia vishikwambi, tumeona jinsi jibu linavyogeuka msimbo pale pale mlangoni; kosa la orodha huingia nalo kwenye takwimu.

Siku mdadisi akibisha hodi kwako na jibu lako halimo kwenye orodha, usichague la karibu ili kumridhisha. Mwambie aandike lako.