Mtaa wa Kinken na Watu Waliofika kwa Meli

Zoezi lilikuwa dogo tu: buni mji wa kando ya mto, mji ambao haupo popote duniani, uuchore na mitaa yake. Tulikuwa saba kwenye kikundi chetu cha uandishi. Siku ya kusomeana, tulipobandika michoro ukutani, tulijiangalia tukacheka. Miji saba, lakini mji ni ule ule. Mto katikati, jumba la mfalme kilimani, mtaa wa matajiri upande huu, mtaa wa wezi upande ule, mtaa wa wachawi mahali penye ukungu. Wangu ulikuwa hivyo hivyo, sijitoi.

Cha ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuishi mji wa namna hiyo. Tunaishi hapa Kakuma, kando ya Tarach, mto ambao miezi mingi ni mchanga mtupu, watu wanachimba mashimo kutafuta maji, halafu mvua inanyesha mbali huko, wewe hata wingu hujaliona, na mto unakuja unakimbia. Mimi kwetu ni Uvira. Kule kuna mitaa iliyochukua majina ya mito yenyewe, kama Mulongwe na Kavimvira, na Aprili 2020 Mulongwe ulipoacha njia yake, nilikaa usiku kucha na simu mkononi nikiuliza nyumba ya nani imebaki. Lakini kwenye michoro yetu saba, hakuna mto hata mmoja uliofurika. Mto wetu ulikuwa mstari wa bluu wa kupendezesha karatasi.

Hapo ndipo nikarudia vitabu viwili ambavyo watu wanaobuni miji huvitaja sana. Cha kwanza nitakipitia haraka. Terry Pratchett, Mwingereza, alianza hadithi zake za Discworld mwaka 1983, na mji wake mkubwa ni Ankh-Morpork, uliokaa pande mbili za mto mchafu mpaka inasemwa mtu anaweza karibu kuukanyaga akavuka. Ni mzaha, lakini chini ya mzaha kuna hesabu. Pratchett alishikilia kwamba anayebuni mji aanze kwa kujiuliza maji safi yanaingia wapi na maji machafu yanatokea wapi. Ramani ya mitaa ya mji ule ilichapishwa 1993, miaka kumi baada ya hadithi ya kwanza. Watu waliishi mle kwanza, ramani ikafuata. Sisi tulianza na ramani, tena tukapaka rangi.

Kitabu cha pili ndicho kilichonifanya niandike. Ni Perdido Street Station cha China Miéville, pia Mwingereza, kilichotoka mwaka 2000 na kupata tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka uliofuata. Mji unaitwa New Crobuzon. Mito miwili, Tar na Canker, inakutana katikati ya mji na kuwa mto mmoja mkubwa, Gross Tar, na pale pale inapokutana ndipo bunge limesimama. Kwenye pembe kati ya mito kuna mtaa wa wanasayansi, Brock Marsh, na taka za majaribio yao zinamwagikia kwenye Canker. Ukijua hilo tu, tayari unajua nani anakunywa nini kule chini. Bandarini makuli ni viumbe wanaofanana na vyura, wanaoweza kuyafinyanga maji kwa mikono. Wanapogoma hawabebi mabango peke yake: wanaukata mto, wanaacha mfereji wa hewa kutoka ukingo hadi ukingo, na meli hazipiti. Yaani mto si mandhari. Mto ni kazi, ni mshahara, na mwisho unaleta polisi na damu.

Lakini mtaa ulionishika shingo ni Kinken. Wanaokaa pale ni khepri, ambao wanawake wao wana mwili wa binadamu na kichwa cha mbawakawa. Ni wakimbizi. Walivuka bahari kwa meli wakikimbia maangamizi ya kwao, wengi wakafia njiani, na waliofika waliamua kuisahau historia yao, wakaanza kuhesabu upya. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikatoka nje kidogo. Hapa block yetu kuna mzee ambaye ukimuuliza habari za kwao anakujibu na mwaka aliofika Kakuma. Basi. Kabla ya hapo hakuna kitu.

Sasa angalia Miéville alivyoujenga mtaa. Khepri hawakupewa kiwanja kitupu. Waliingia kwenye nyumba kuukuu za binadamu, wakawaachia mabuu wakubwa wazipake ute, ute ukakauka, kuta zikapoteza pembe, nyumba moja ikaungana na nyingine. Ndani yake bado ni nyumba ya mtu mwingine, juu yake ni ya kwao. Hii ni kweli kabisa. Mtu akija hapa na kuangalia nyumba za matofali ya udongo na mabati ya msaada, ataona zote sawa. Sisi tunajua kwa baraza, kwa uzio, kwa mahali jiko lilipowekwa, huyu katoka wapi. Ndugu zetu wa mashirika wana namba ya zone na namba ya block, na siwalaumu, gari la maji lazima lijue pa kwenda. Ila mtaa unaanza pale ambapo namba inaishia.

Tena hakufanya kosa letu la kabila moja mtaa mmoja, mambo kwisha. Khepri wana Kinken na wana Creekside, na Creekside ni maskini zaidi. Lin, mchongaji ambaye ni mmoja wa wahusika wakuu, alikulia Creekside kwa mama mkali wa dini, akahamia Kinken, kisha akaondoka kabisa kuishi kati ya wasanii. Akipita Kinken anaona aibu na fahari pamoja. Nani hapa hajawahi kupita sokoni akasikia lugha ya kwao, akakaza mwendo?

Ndiyo maana nina ugomvi na kitabu hiki. Anayetaka kukisoma bila kujua mwisho aruke aya mbili.

Lin anasema kwa ishara za mikono, maana kinywa chake hakitoi maneno ya binadamu. Sura za mwanzo tunaona mji kupitia macho yake, na ni sura nzuri kuliko nyingi za baadaye. Halafu mkuu wa wahalifu anayemchongea sanamu anamteka, anateswa, na mwisho nondo wa kutisha ananyonya nusu ya akili yake. Anabaki hai, hajakamilika. Maumivu yake tunayapata zaidi kupitia mpenzi wake, binadamu, mwanasayansi. Wakati huo huo Yagharek, mgeni aliyekatwa mabawa kwa kosa baya alilomfanyia mwanamke kwao, ndiye anayefungua kitabu kwa sauti yake mwenyewe akiingia kwa mashua, na ndiye anayekifunga.

Najua watakaosema mji ule ni katili na mwandishi anasema ukweli wa ukatili. Sawa. Mimi pia nimeona ukatili, sihitaji kufundishwa. Ninachouliza ni kwa nini aliyeleta mtaa mzima moyoni mwake ndiye anayelipa bei ili wengine wahuzunike. Akili ya Lin ilipoondoka, Kinken nayo iliondoka. Kitabu hakiingii tena mtaani kwa njia ile. Mwandishi aliyejua kuta zile zimepakwa nini hakuona kwamba mtu wa kutuingiza ndani alikuwa mmoja, na amemzima.

Bado nakiweka juu ya miji yetu saba, mbali sana. Kosa lake ni la mtu aliyejenga. Sisi hatukuwa tumejenga.

Wiki iliyopita nilifuta mtaa wangu wa wezi. Nikaandika kwamba watu wale walifika mwaka wa mafuriko kutoka vijiji vitatu vya juu, wakapewa upande wa mto ambao hakuna aliyeutaka, na wa kwanza kuitwa mwizi alikuwa mama aliyechota maji kwenye kisima cha upande wa pili. Mwenzangu mmoja akaniuliza, huyu mama atakufa? Nikamwambia sijui, kwanza nataka nijue anauza nini na anavukaje.

Nakala ya Perdido Street Station ni moja, ni ya Kiingereza, ina kurasa zaidi ya 600 na jalada limetoka. Anayeitaka aandike jina kwenye orodha pale tunapokutania. Kwa sasa mbele yake kuna watu wawili, na mmoja anasoma polepole.