Kitabu cha Watoto ni cha Nani?

Neno laweza kuwa sahihi kisarufi na bado likamdhulumu msomaji. Katika makala haya nakusudia kulipima jina tunalolitumia kila siku katika maktaba, shuleni na katika orodha za wachapishaji, yaani "kitabu cha watoto," hasa linapopewa hadithi za ajabu, ambazo ndani yake wanyama husema na njia hupita chini ya ardhi.

Nianze na kisa kidogo. Nilipokuwa likizoni Ihanda, wilayani Karagwe, mwalimu mmoja mstaafu aliniomba nimwazime "Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu," tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2015. Alisema anamtakia mjukuu wake. Siku ya nne alikirudisha mwenyewe, akaanza kunieleza, huku akicheka, kesi ile ya wizi inayosikilizwa mbele ya Mfalme na Malkia, mahali ambapo hukumu inatakiwa itangulie ushahidi. Hapo nilifahamu kwamba mjukuu hakukiona kitabu kile. Mtu aliyefundisha kusoma kwa miaka mingi aliona haya kukiri kwamba amesoma na kufurahi. Kitabu chenyewe hakikumtia haya. Kilichomtia haya ni jina tulilokipa.

Tulitazame basi jina hilo. Twasema viatu vya watoto, wodi ya watoto, dawa ya watoto. Katika mifano hiyo mtu mzima hana nafasi: kiatu hakimwingii, na wodini halazwi. Tunaposema "kitabu cha watoto" twakitia kitabu katika kundi hilo hilo, ingawa kitabu hakina kipimo cha mguu. Tena jirani ya "cha watoto" lipo neno "cha kitoto," ambalo kwa mtu mzima ni tusi. Maneno hayo yamekaribiana mno, hata mtu asikiapo la kwanza huhisi ametajiwa la pili.

Mgawanyo huu si wa asili kwetu. Masimulizi ya Wachwezi yameenea kuanzia Bunyoro hadi Karagwe. Katika yale ya Bunyoro, Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, anampelekea Mfalme Isaza mafumbo. Mojawapo lauliza ni kamba gani ifungayo maji, na jibu lake ni unga wa ulezi, ambao ukikorogwa katika maji huyafanya kuwa uji. Hatimaye Isaza anashuka kuzimu asirudi. Hapa tuna kitendawili ambacho mtoto aweza kukitega, na shimo kama lile aliloangukia Alisi. Lakini mambo yanayosimuliwa ni ya ufalme, urafiki uliovunjwa na kifo. Masimulizi kama hayo hayakuwa na mlango wa wakubwa na mlango wa wadogo. Kila msikilizaji alichukua kadiri ya akili yake.

Twaweza kuuliza mpaka huo uliingiaje. Sehemu ya jibu imo katika historia ya elimu yetu. Alisi alianza kusema Kiswahili mwaka 1940, katika "Elisi Katika Nchi ya Ajabu," iliyochapishwa London. Mtu mzima aliyejifunza kusoma katika miaka ya baadaye hakupewa kitabu cha namna hiyo. Kuanzia mwaka 1968, mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, pamoja na Ziwa Magharibi, ambao tangu mwaka 1979 ni Mkoa wa Kagera, ulitoa vitabu vya pamba, migomba, ng'ombe na uvuvi. Siubezi mradi ule. Manufaa yake yalikuwa makubwa. Lakini mazoea yaliyobaki ni haya: mkubwa asome ili azalishe, mdogo asome ili astaajabu. Ni ajabu kwamba hatukuona haya hiyo kwa Shaaban Robert. Katika "Adili na Nduguze," kilichotoka mwaka 1952, ndugu wawili wamegeuzwa manyani, na hakuna anayekificha kitabu hicho kwa kuwa kinasomwa na wakubwa.

Wafasiri nao wana sehemu yao. Kitabu cha Antoine de Saint-Exupéry, kilichotoka mwaka 1943, kimechapishwa na Mkuki na Nyota kwa jina la "Mwana Mdogo wa Mfalme." Jina hilo lina kasoro mbili. Kwanza, laweza kufahamika kuwa ni kitinda mimba wa mfalme fulani, na katika hadithi ile baba huyo hayumo. Pili, "mwana" tayari yabeba maana ya mtoto. Kuongeza "mdogo" ni kumtaja mtoto mara mbili kabla ya ukurasa wa kwanza. Hali mwandishi alikitabaruku kitabu kwa rafiki yake mtu mzima, Léon Werth, na akawataka radhi watoto kwa kufanya hivyo.

Filamu zimetutangulia katika jambo hili. Filamu ya Alisi ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Tim Burton, ilimfanya Alisi kuwa msichana wa miaka 19, na watu wazima waliitazama hadharani. Zaidi ya hayo, madaraja ya filamu huweka umri wa chini tu: mtazamaji asiwe chini ya miaka kadhaa. Maneno "kitabu cha watoto" hufanya kinyume chake. Huweka umri wa juu, na kumfukuza mkubwa bila kumwambia.

Wapo watakaosema kwamba jina hili limewasaidia watoto, na wana haki. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa nchini mwaka 1991, usingepata wafadhili bila kutaja watoto. Basi tusilifute katika bajeti na mipango ya uchapishaji. Tuliondoe tu juu ya rafu na juu ya jalada.

Napendekeza hivi. Mahali pa "kitabu cha watoto," maktaba ziandike "kuanzia umri wa miaka minane," au umri mwingine ufaao. Kwa aina yenyewe ya maandishi tutumie "hadithi za ajabu." "Njozi" yafaa kwa Alisi, aliyekuwa akiota, lakini haifai kwa visa vingine visivyo vya ndoto, "fantasia" nayo haimwambii kitu msomaji wa Ihanda. "Ajabu" limekuwa katika jina la Alisi tangu mwaka 1940, na limezaa "kustaajabu," tendo lisilo na umri. Filamu iitwe "filamu iliyotokana na kitabu," wala si "tafsiri ya kitabu," kwa kuwa yaweza kubadili hata umri wa mhusika mkuu. Na mfasiri asiushushe ufasaha wake kwa kudhani kwamba hatasomwa na mzazi.

Maoni ya walimu, wafasiri na wakutubi yatapokewa kwa shukrani. Kipimo cha istilahi hizi kitakuwa chepesi: tuone kama mwalimu yule, safari nyingine, ataazima kitabu kwa jina lake mwenyewe.